SOMO LA FAMILIA: KITABU KIKIFUNGWA, UMEBAKI NA NINI?

Masomo ya wanafunzi wa sekondari wakati wa likizo
Soma kwanza: Danieli 1:3-20



Sisi tuliotoka Kongo tulizoea likizo kubwa ya mwezi wa saba na wa nane. Mwaka wa shule ulikuwa umekwisha, na daftari ziliwekwa kando. Hapa Nchelenge sivyo. Mwaka wa shule wa Zambia huanza Januari na una mihula mitatu, kwa hiyo likizo ya Agosti iko katikati ya safari. Muhula wa tatu huanza Septemba, na mitihani ya Gredi 12 huja Oktoba na Novemba. Mtoto akiitumia Agosti kama tulivyoitumia sisi nyumbani, atarudi darasani amesahau mengi na mtihani uko mlangoni.

Danieli na wenzake walikuwa vijana waliohamishwa kutoka kwao. Huko Babeli walipewa miaka mitatu wajifunze lugha na elimu ya Wakaldayo. Mwisho wake mfalme mwenyewe aliwahoji. Walijibu yale waliyokuwa nayo moyoni, tena kwa lugha ya ugenini. Mtihani wa watoto wetu ni hivyohivyo: kitabu kimefungwa, na maswali ni ya Kiingereza. Basi na likizo iwe ya kujizoeza hayo mawili.

1. Funga kitabu, ujiulize

Vijana wengi husoma daftari mara tatu, nne, wakaona wameelewa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitoa matokeo ya jaribio lao. Wanafunzi walisoma habari moja fupi mara mbili. Habari nyingine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuiangalia. Baada ya dakika 5, ile iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi. Lakini baada ya wiki moja mambo yaligeuka: ile waliyojijaribu walikumbuka asilimia 56, na ile waliyoirudia kusoma asilimia 42.

Kwa hiyo, kijana, soma ukurasa mmoja, funga kitabu, andika unayokumbuka, kisha fungua usahihishe. Huna karatasi? Andika chini kwenye mchanga. Kesho yake jiulize tena yale uliyokosa. Ukipata karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, zifanye bila kuangalia majibu.

2. Vusha elimu ya Kongo

Wazazi wengine husikitika: mtoto alikuwa na akili Kongo, amefika hapa ameshindwa. Mara nyingi akili iko palepale, ila imefungwa ndani ya Kifaransa. Tazama hesabu. Huko nyumbani tulitenga desimali kwa alama ya mkato, na tatu na nusu tuliandika 3,5. Hapa huandikwa 3.5, na mkato hutenga maelfu. Mtoto akiona 3,500 akadhani ni tatu na nusu, kumbe ni elfu tatu na mia tano, atakosa jibu hata kama kuzidisha na kugawa anakujua. PPCM aliyofundishwa ni ileile inayoitwa LCM hapa. Azoti ya somo la kemia ndiyo naitrojeni.

Chukua daftari moja, lipige mstari katikati. Upande mmoja andika neno la Kifaransa, upande wa pili la Kiingereza. Maneno 5 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 ni maneno 100. Hayo huwa mlango wa somo zima.

3. Wazazi, linda saa moja

Saa 1 kwa siku, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 ni saa 20. Saa hizo hazipatikani zenyewe. Agosti hakuna mvua, ziwa liko wazi, na kijana anavutwa kwenda kwenye mitumbwi au sokoni Kashikishi atafute pesa. Desemba uvuvi katika Mweru hufungwa kwa sheria mpaka mwisho wa Februari, lakini hapo mvua imefika na shamba linaita. Kazi haziishi mwaka mzima. Hatusemi mtoto asifanye kazi, maana nyumba lazima ile. Tunasema saa moja iwe yake, asubuhi kabla jua halijawa kali, na asitumwe popote.

Hapa tuwakumbuke mabinti. Mara nyingi kaka ameketi na kitabu, na dada yuko kisimani, kisha kwenye kuni, kisha kwenye bukari. Jioni ikifika giza limeingia naye amechoka. Mwisho wa muhula tunamwambia hana akili! Kaka akichota maji siku mbili, dada amepata saa mbili. Binti aliyerudi nyuma sana darasani ndiye anayeacha shule upesi, na aliyeacha shule huolewa mapema.

4. Mzazi asiyejua Kiingereza anaweza kusaidia

Mwambie mtoto: nieleze kwa Kiswahili ulichojifunza leo. Akikwama, hajaelewa, arudi kwenye kitabu. Akieleza vizuri, mwambie aseme tena kwa Kiingereza, nawe usikilize tu. Wanafunzi watatu au wanne wa jirani wanaweza kukutana chini ya mwembe wahojiane hivyo. Danieli naye hakuwa peke yake, walikuwa wanne.

MASWALI YA KUJADILI NYUMBANI

a) Jana kila mtoto wetu alipata muda gani wa kusoma? Msichana na mvulana walilingana?
b) Ni saa ipi tutailinda katika likizo hii, na kazi ya saa hiyo itafanywa na nani?
c) Kijana, taja jambo moja ulilosoma muhula uliopita, bila kufungua daftari.

Danieli alijifunza lugha ya Babeli, wala hakumsahau Mungu wake. Watoto wetu nao wajifunze ya hapa, bila kupoteza Kiswahili wala Kifaransa chao. Bwana awape akili, nasi wazazi atupe moyo wa kuwaachia ile saa moja. Amina.