Mnara Unaozungushwa na Mishumaa: Mafunzo Niliyopata

Miaka yangu mingi ya useremala imepita Saxony, mashariki mwa Ujerumani. Mpakani na Ucheki ipo milima ya Erzgebirge, na huko ndiko kwenye asili ya Weihnachtspyramide, mnara wa mbao wa Krismasi: sahani za mbao zilizopangwa ghorofa kwa ghorofa kwenye mhimili mmoja, pangaboi juu, mishumaa chini. Ukiiwasha, hewa ya moto hupanda na kusukuma mapanga, na wachungaji, malaika na Mamajusi huanza kuzunguka. Wewe unayetaka kuunda wa kwako kwa mikono yako, haya ndiyo ningependa kuyajua mapema.

1. Tafuta kwanza kinachozuia

Mnara wangu wa kwanza ulikuwa wa mtumba, na uligoma kuzunguka. Niliupeleka kwa fundi mzee kijijini Seiffen nikitarajia aseme mishumaa haitoshi. Mishumaa hakuigusa. Aliunyanyua mhimili, akaifuta ncha yake ya chuma, akasafisha na kikombe kidogo cha kioo ambamo ncha hiyo husimama. Uzito wote unaozunguka unabebwa na ncha ile moja. Kisha akageuza mapanga moja baada ya jingine, maana kila panga limechomekwa tu kwenye kitovu. Panga likilala kabisa, hewa hulipiga toka chini bila kulipeleka pembeni. Likisimama wima, hewa hupita tu. Katikati, karibu digrii 45, ndipo linapofanya kazi.

Nguvu ya mshumaa ni ndogo mno, nayo inatosha. Tangu siku ile, chombo kikinisumbua natafuta kinachokizuia kabla sijakiongezea nguvu.

2. Tuliza hewa ya chumba

Mlango ukifunguliwa tu, mnara hupunguza mwendo: upepo hafifu umeipeleka kando hewa ya moto kabla haijafika juu. Uweke mbali na dirisha, na mbali na pazia. Mishumaa nayo ina vipimo. Minara midogo hutumia ya unene wa milimita 14, mingine 17. Mwali ukiwa mkubwa kupita kiasi, mapanga huungua. Usitoke chumbani ukauacha unawaka.

3. Mjue mnyama kabla hajaonekana

Kilichonishangaza kuliko vyote ni ukerezaji wa Seiffen. Mkerezaji huchukua kipande cha gogo la msonobari, kibichi na chenye maji ili kisipasuke, akakichonga kwenye kerezo mpaka kiwe pete nene yenye mabonde na matuta. Ukiitazama huoni chochote cha maana. Kisha pete hukatwa vipande vyembamba kuzunguka duara lake, na kila kipande ni ng'ombe, au farasi, au tembo mwenye mkonga. Mgongo, tumbo na miguu vyote vilichongwa bila fundi kumwona mnyama hata mara moja, alimbeba kichwani. Nimeshika randa tangu utotoni, na mbele ya kazi ile nilinyamaza.

Ufundi huo ulikua kutokana na dhiki. Milima hii iliishi kwa madini, hasa fedha na bati. Madini yalipopungua, familia ziligeukia mbao, na nguvu ya maji iliyokuwa ikiponda mawe ya madini ikazungusha kerezo. Mgodi wenyewe haukusahauliwa. Wachimbaji waliingia chini kabla ya kucha, wakatoka jua limezama. Ndiyo maana mwanga una thamani kubwa katika mapambo yao. Madirishani huwekwa sanamu za mchimbaji na malaika walioshika mishumaa, kwa desturi mchimbaji kwa kila mtoto wa kiume na malaika kwa kila wa kike. Wapo wanaouona hata ndani ya mnara ule mtambo wa mgodini uliozungushwa na farasi kupandisha mawe. Mwaka 2019 eneo hilo la migodi, pande zote mbili za mpaka, liliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO.

4. Anza na ghorofa moja

Mnara wa sokoni Dresden unapita mita 14, na minara ya ukubwa huo huzungushwa na mota. Najua utautamani. Lakini anza na ghorofa moja na sanamu nyepesi, kila moja ikiwa na mwenzake wa uzito uleule upande wa pili wa sahani. Kabla ya kuwasha chochote, ulaze mhimili na uuzungushe kwa kidole. Upande uleule ukiishia chini kila mara, huo ndio mzito: upunguze kwa msasa, ujaribu tena.