Gari la Njia Mbaya: Kinachoongezeka na Kinachopungua

Wakati wa masika barabara zetu za udongo hapa Endamarariek huchagua magari. Motakaa nyingi ndogo huishia mjini Karatu kwenye lami, na yanayofika huku ni yale yanayosukumwa na magurudumu yote manne, hasa Land Cruiser na Land Rover. Wanafunzi wengi hupenda kuyatazama, nao wameniuliza maswali mengi. Mbona gari hili limeinuliwa kama mtu asimamaye kwa vidole vya miguu? Mbona lile lina bomba linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa? Na mbona magari ya watalii yaendayo Ngorongoro ni marefu kuliko wenzao? Nimeona vema niwajibu wote pamoja katika gazeti letu, maana majibu yenyewe yamo katika vitabu vya Fizikia mlivyo navyo.

Kabla sijaanza, shikeni neno moja. Hakuna fundi awezaye kuliongezea gari jambo moja bila kulipunguzia jingine. Ajuaye kinachoongezeka tu hajui ila nusu ya kazi, na nusu asiyoijua ndiyo iuayo watu.

ASILI YA MAGARI HAYA

Magari ya namna hii yalienea tangu Vita Kuu ya Pili. Majeshi ya Marekani yalipata Jeep mwaka 1941. Waingereza wakatoa Land Rover mwaka 1948, nayo ilikusudiwa kwanza wakulima. Toyota ya Japani ikaunda gari lake mwaka 1951, ambalo baadaye liliitwa Land Cruiser. Zile Land Cruiser za aina ya 70, ambazo ndizo tunazoziona sana leo, zilianza kutoka kiwandani mwaka 1984. Land Rover Defender ya umbo la zamani iliacha kutengenezwa Januari 2016, lakini mafundi wetu wangali wakizitunza. Magari haya yote yaliundwa yawe na nguvu. Hata hivyo kiwanda hakiwezi kujua kila njia ya dunia, ndiyo sababu watu huyarekebisha.

TOPE NA UPEPO WA TAIRI

Tuanze na badiliko lisilo na gharama ya fedha. Tuseme gari na watu wake lina uzito wa kilo 3,000, na upepo wa tairi ni kilo 2.5 kwa kila sentimita ya mraba, yaani karibu paundi 36 katika kipimo cha gereji. Uzito ukigawanywa kwa mgandamizo hutupa eneo la tairi linalogusa ardhi: 3,000 gawanya kwa 2.5 ni sentimita za mraba 1,200, yaani 300 kwa kila tairi. Sasa punguza upepo mpaka kilo 1.5. Eneo linakuwa sentimita za mraba 2,000, yaani 500 kwa kila tairi. Hesabu hii ni ya kukadiria, kwa kuwa ukuta wa tairi nao hubeba sehemu ndogo ya uzito, lakini maana yake ni wazi: gari ni lile lile, injini ni ile ile, ila sasa linakanyaga kwa upana zaidi na halizami upesi.

Na kinachopungua? Tairi lenye upepo mdogo hujikunja sana na kupata joto, na likikimbizwa huweza kupasuka au kutoka kwenye rimu. Basi mwenye kupunguza upepo lazima aende polepole, tena awe na pampu ya kuurudisha akifika barabara ngumu.

KAZI YA DIFU

Gari likipinda kona, gurudumu la nje husafiri mbali kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoruhusu tofauti hiyo. Lakini difu ya kawaida hugawa nguvu sawa pande zote mbili. Gurudumu moja likiwa katika tope lisiloshikika, huzunguka bure kwa nguvu kidogo sana, na mwenzake aliye pakavu naye hupata nguvu hiyo hiyo kidogo. Kwa hiyo gari la magurudumu manne laweza kukwama kabisa ikiwa gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yamekosa mahali pa kushika.

Dawa yake ni kufunga difu, ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Gari huchomoka kwa namna ya ajabu. Lakini mtu akisahau akaenda hivyo kwenye ardhi ngumu, kona hazipindiki vizuri, tairi huburutwa, na shafti huweza kukatika. Difu hufungwa topeni, na ikishatoka topeni hufunguliwa.

KUINUA GARI JUU

Hapa ndipo vijana wengi wanapopenda, na hapa ndipo nataka msome polepole. Mafundi huweka springi ndefu au ngumu zaidi ili bodi ipande. Faida yake ni kwamba tairi hupata nafasi ya kupanda na kushuka, na bampa halichimbi ardhi kwenye makorongo. Lakini kwa magari yenye ekseli nzima kutoka gurudumu hadi gurudumu, springi haziinui difu hata kidogo. Difu imo katika ekseli, na ekseli imekaa juu ya magurudumu. Tairi kubwa ndilo linaloinua difu. Basi gari laweza kuonekana refu sana, na bado difu ikagonga tuta la katikati ya njia kama zamani.

Sasa tupime kinachopungua. Kila kitu kina kitovu cha uzito. Gari likiinama ubavu, halipinduki maadamu mstari unaoshuka wima kutoka kitovu hicho waangukia kati ya magurudumu. Chukua gari la kilo 2,500, upana kati ya magurudumu ni meta 1.5, na kitovu chake kiko meta 0.8 juu ya ardhi. Nusu ya upana ni 0.75. Gawanya kwa 0.8, upate 0.94, ambayo ni tanjenti ya digrii 43 hivi. Kwa hesabu gari hili laweza kusimama kwenye mteremko wa digrii 43 bila kuanguka.

Pakia sasa magunia ya kilo 250 juu ya paa, meta 2 kutoka ardhini. Kitovu kipya ni (2,500 × 0.8 + 250 × 2) gawanya kwa 2,750, yaani meta 0.91. Mzigo ulio sehemu moja tu ya kumi ya gari umekipandisha kitovu sentimita 11! Digrii zimeshuka kutoka 43 mpaka 39 na nusu. Kisha mwenye gari akaliinua kwa springi sentimita 10. Kitovu ni meta 1.01, na digrii zimebaki chini ya 37. Na hiyo ni hesabu ya gari lililosimama kama jiwe. Gari liendalo hulala kwenye springi, hurushwa na mashimo, na husukumwa nje ya kona, kwa hiyo hupinduka mapema zaidi kuliko hesabu isemavyo. Watu wakikaa juu ya magunia, nao huongezeka kwenye mzigo wa juu.

TAIRI KUBWA

Tuseme tairi la sentimita 75 limeondolewa, likawekwa la sentimita 83. Difu imepanda sentimita 4, nusu ya tofauti, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini kwa kila mzunguko gari sasa husafiri mbali zaidi. Mshale wa spidi ukionyesha kilomita 80 kwa saa, mwendo wa kweli ni karibu 89. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi, na breki nazo hupungukiwa kwa kadiri ile ile, maana tairi ni wenzo, na wenzo umerefushwa upande wa adui.

KUREFUSHA CHESISI

Magari mengi ya watalii hurekebishwa Arusha. Mafundi hukata chesisi, wakaunga kipande, wakajenga bodi mpya yenye viti vya dirishani na paa linaloinuka ili watu wasimame na kutazama wanyama. Ni kazi ya mafundi hodari kweli, nayo inawapatia riziki watu wengi.

Chesisi ni boriti. Boriti ikibeba mzigo katikati, upande wa juu hubanwa, upande wa chini huvutwa, na sehemu ya kati haibanwi wala haivutwi sana. Ndiyo sababu fundi mwenye elimu akitaka kutoboa tundu hulitoboa katikati ya ubavu, wala hagusi ukingo wa juu au wa chini. Ndiyo sababu pia huongeza bamba la chuma pale alipounga. Shafti ndefu ya kupeleka nguvu nyuma nayo hutaka kusawazishwa, la sivyo hutetemeka na kula beringi zake.

Kinachopungua ni wepesi wa kupinda, na tumbo la gari hugusa tuta mapema kwa kuwa magurudumu ya mbele yako mbali na ya nyuma. Tena uzito umeongezeka. Mwenye kuingia Kreta ya Ngorongoro, ambako magari ya magurudumu manne peke yake ndiyo yanayoruhusiwa, hushuka kadiri ya meta 600 kutoka ukingoni. Gari la kilo 3,000 likishuka meta 600 hutoa nishati ya joule milioni 18. Hilo ni joto la kutosha kuchemsha lita 50 za maji baridi! Ikiwa dereva atategemea breki peke yake, joto lote hilo litaingia humo. Hivyo dereva mwenye akili huweka gia ya chini kabisa tangu juu, injini ikazuia gari, na breki akaziweka akiba.

BOMBA NA MAJI YA KORONGO

Lile bomba la ubavuni huivutia injini hewa ya juu, iliyo na vumbi kidogo, tena huzuia maji yasivutwe ndani ya injini. Wengine wakishaliona hudhani gari limekuwa mtumbwi, nao hawaogopi tena korongo lililojaa. Mkumbukeni Archimedes. Gari lenye upana wa meta 1.7 na urefu wa meta 4, maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu yake bila kuingia ndani, husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 680. Yakipanda sentimita 20, ni kilo 1,360. Magurudumu hayakanyagi tena kwa uzito wake, na maji yaendayo kasi hulichukua gari pamoja na bomba lake. Bomba huiokoa injini. Abiria haliwaokoi.

MAGARI YA MASHINDANO

Mtauliza, mbona katika picha za mashindano ya Rhino Charge ya Kenya tunaona magari yaliyogeuzwa kabisa, yanapanda hata majabali? Mashindano hayo yalianza mwaka 1989 kuchangia uzio wa kulinda msitu wa Aberdare, na uzio huo wa kadiri ya kilomita 400 ulikamilika mwaka 2009. Mshindi si mwenye mbio, bali aliyefika vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi kuliko wenzake. Magari yale yameundwa kwa kazi hiyo. Yana kizimba cha mabomba ya chuma kuwalinda waliomo likipinduka, nao wamefungwa mikanda. Gari la kubeba mgonjwa kutoka kijijini usiku wa mvua lina kazi nyingine, na waliomo mara nyingi hawana kizimba wala mkanda.

SHAURI LANGU

Baadhi yenu mtakuwa mafundi, na wengine mtakuwa na magari yenu wenyewe. Mtu akikuletea gari, mwulize kwanza kazi yake. Anza na yaliyo rahisi: tairi zenye meno, upepo wa kufaa, sepeto, kamba ya kuvutia, na mzigo uliowekwa chini sakafuni. Hayo hutoa magari mengi topeni bila kukata chuma. Ukilazimika kubadili zaidi, andika katika karatasi safu mbili, kinachoongezeka na kinachopungua. Safu ya pili ikiwa tupu, jua hujamaliza kufikiri. Na ukiongeza uzito au ukubwa wa tairi, tengeneza breki siku hiyo hiyo kabla gari halijatoka gereji.

MASWALI

1. Gari la kilo 2,800 lina upepo wa kilo 2 kwa sentimita ya mraba. Kila tairi linagusa ardhi kwa eneo gani?
2. Katika mfano wetu wa magunia, zihamishe kilo 250 kutoka paa mpaka sakafu iliyo meta 0.7 juu ya ardhi. Kitovu cha uzito kiko wapi sasa?
3. Eleza kwa picha kwa nini tundu katika ukingo wa chini wa chesisi ni hatari kuliko tundu la katikati.
4. Gari la kilo 3,000 limo korongoni, na maji yamepanda sentimita 30 juu ya sakafu. Kwa vipimo vilivyotajwa, magurudumu yanakanyaga kwa kilo ngapi? Je, wewe ungevuka?

Majibu yaletwe kwangu kabla ya shule kufungwa.