Kupiga Picha Katika Kihori cha Mawe

Sisi watu wa Eldoret bahari twaijua kwa kalenda za ukutani. Ndiposa chama chetu kilipozuru Takaungu, kule Kilifi, mwezi wa Agosti, nilibeba kamera ya mjomba nikijiona mpiga picha kamili. Leo nataka kukufundisha niliyojifunza, pamoja na kosa langu.

Tulifika kwenye majabali ya Vuma. Jina lenyewe limekaa kama kitenzi, na siku hiyo bahari ilivuma kweli, maana ulikuwa msimu wa kusi. Mawe ya huko ni matumbawe ya kale, yana ncha kali kama wembe. Chini yake palikuwa na kihori kidogo, mchanga wake haupiti ukubwa wa darasa letu, mawe pande tatu.

Tuanze na mwanga. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi jua huchomoza baharini, kwa hivyo ukielekeza kamera huko mawe hutoka meusi kama makaa. Alasiri jua huwa mgongoni mwako na rangi ya maji hujitokeza. Lakini usingoje mno, kwani jabali nalo litatupa kivuli kihorini.

Povu nalo lina hila. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, huupunguza, na picha hutoka na giza. Basi uongeze kidogo wewe mwenyewe. Ukitaka matone ya wimbi yasimame hewani, tumia 1/500 ya sekunde. Ukitaka maji yafanane na maziwa, acha nusu sekunde, ila kamera ikae juu ya miguu mitatu. Mikono hutetemeka, usijidanganye. Tena futa lenzi kila mara, maana chumvi huganda.

Sasa kosa langu. Mzee mmoja mvuvi alikuwa akikunja mshipi wake. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, "Marahaba mwanangu. Maji yajaa, tokeni." Mimi nikamwambia bahari bado haijapanda. Alicheka: "Bahari haipandi, si mlima. Maji hujaa, maji hupwa." Wenzangu walitoka. Mimi nikabaki, eti picha moja tu.

Kumbe maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, na juzi yake mwezi ulikuwa mpevu. Hayo ndiyo maji ya bamvua, ambapo tofauti ya kujaa na kupwa pwani yetu hupita mita 3. Nilipogeuka, njia niliyoingilia ilikuwa imefunikwa. Wimbi lilinipiga magotini, kisha kiunoni. Mzee ndiye aliyenishika mkono akanivuta juu ya jabali, goti likachubuka vibaya. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kwetu kuna mto, nikasema upo, Sosiani, akanyamaza.

Picha niliyobakia ilitoka imepinda, na tone la maji katikati. Ile iliyo ukutani mwa chumba cha chama niliipiga kesho yake. Nilimuuliza mzee saa ya maji kupwa, akaniambia nichukue ya jana niongeze kama dakika 50. Nilikwenda naye. Ukitazama vizuri, pembeni kushoto utaona mshipi wake.