Majabali, Mbuga na Maji: Sura ya Nchi kutoka Geita hadi Shinyanga

Mvua inayonyesha kati ya Geita na Shinyanga ina njia tatu za kwenda. Ile ya Geita na Nyang'hwale hushuka Ziwa Victoria, ikatoka na mto Nile hadi Bahari ya Mediterania. Ya Bukombe na Ushetu, upande wa magharibi, kwa sehemu kubwa hufuata vinamasi vya Kigosi na Moyowosi, huingia mto Malagarasi na Ziwa Tanganyika, kisha kupitia mto Lukuga hufika Kongo na Bahari ya Atlantiki. Ya Shinyanga mjini huchukuliwa na mto Manonga hadi nyanda za Wembere, Ziwa Kitangiri na mwisho Ziwa Eyasi. Hapo safari inaishia. Eyasi halina mto unaotoka, hivyo maji hukaushwa na jua, chumvi ikabaki. Tanzania imegawanywa katika mabonde 9 ya maji, na matatu kati ya hayo yanapakana katika eneo hili.

Mpaka huo wa maji hauna mlima. Ni mwinuko mpana, wa taratibu, na abiria wa basi la Kahama huuvuka bila kuhisi kitu.

Vilima vyenyewe ni vya aina mbili. Vya kwanza ni majabali ya graniti, makubwa na ya mviringo, yaliyopandana kana kwamba kuna mtu aliyeyapanga. Hayakupangwa. Graniti iliganda chini kabisa ya ardhi, ikapata nyufa za wima na za ulalo. Maji yakapenya katika nyufa, yakala kona za mawe, na udongo uliokuwa umeyafunika ukasombwa na mvua za miaka mingi. Kilichobaki juu ni kiini kigumu.

Aina ya pili ni vilima vya Geita. Hivi vimo katika ukanda wa miamba ya kale ya volkano na mashapo, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake kuna mawe ya chuma yenye mistari myekundu na myeusi, magumu kuliko majirani zake, na ndiyo yaliyosimama wakati mengine yakimomonyoka. Maji ya moto yaliyobeba dhahabu yalipita katika nyufa za miamba hiyo na kuiacha humo. Kwa hiyo mara nyingi kilima na dhahabu hufuatana, jambo ambalo mchimbaji mdogo analijua bila kusoma jiolojia.

Mwadui, wilayani Kishapu, kuna umbo lisiloonekana kwa macho: shina la volkano ambalo kilele chake kililiwa na mmomonyoko hadi kulingana na uwanda. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi hapo mwaka 1940.

Neno mbuga huwapa Watanzania wengi picha ya simba na watalii. Huku Usukumani, mbuga ni bonde tambarare la udongo mweusi wa mfinyanzi, na ndilo umbo linalotawala maisha ya mkulima. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka, na mkono wa mtu mzima unaweza kuzama katika ufa hadi kwenye kiwiko. Mvua ya kwanza ikinyesha nyufa hunywa maji yote. Zikishajaa, udongo huvimba na kujifunga, maji yakasimama juu. Hapo tope hung'ang'ania kandambili mpaka mtu anaamua kuzishika mkononi. Mkulima wa mpunga haoni adha hiyo kuwa hasara. Huinua kingo za udongo, akatengeneza majaluba, na mbuga ikamtunzia maji.

Kutoka kilimani hadi mbugani udongo hubadilika kwa mpangilio. Juu, karibu na majabali, kuna luseni, udongo wa kichanga unaolimika kwa jembe bila taabu. Chini yake mara nyingi huja itogolo, wenye tabaka gumu lisilopitisha maji. Mwisho ni mbuga. Katika miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani, aliuita mpangilio wa namna hii katena, yaani mnyororo, na istilahi hiyo sasa inatumika duniani kote. Majina ya Kisukuma hayakumsubiri.

Mito mingi ya Shinyanga ni ya msimu. Katika kiangazi mto huonekana kama barabara ya mchanga, lakini chini ya mchanga maji hubaki, na watu hufukua visima mle mle mtoni.

Ziwa Victoria lina eneo la takribani kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80. Halikai katika ufa kama Tanganyika. Ni beseni pana lililojaa baada ya ardhi ya magharibi kuinuka na kuizuia mito iliyokuwa ikielekea huko. Ufuko wake upande wa Geita umejaa ghuba, rasi na visiwa. Kisiwa cha Rubondo ni hifadhi ya taifa tangu 1977. Mahali boti za wavuvi zinapotia nanga huitwa mwalo. Machimboni, mwalo ni mahali pa kuoshea mchanga wa dhahabu.

Binadamu naye ameongeza maumbo yake: malambo ya kunyweshea mifugo, milima ya vifusi, na maduara, yaani mashimo ya wachimbaji, yaliyoachwa. Duara likijaa mvua huonekana kama kidimbwi cha kawaida, ilhali kingo zake ni laini na kina chake hakijulikani. Maji yaliyo karibu na mialo ya dhahabu huweza kuwa na zebaki, hivyo hayafai kunywewa na watu wala ng'ombe. Bwawa la tope la mgodi nalo si bwawa la maji: Novemba 2022 ukingo wa bwawa la aina hiyo huko Mwadui ulipasuka, tope likafunika mashamba na makazi.

Tangu mwaka 2009 bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, hupandisha maji ya Ziwa Victoria na kuyavusha mwinuko ule usioonekana hadi Kahama na Shinyanga. Maji yakishatumika Shinyanga mjini, yanayobaki hufuata mteremko wa Manonga. Ziwani hayarudi.