Kifaranga Aliyeachwa Ndani ya Yai

Kuku huatamia mayai yake siku 21. Katika siku hizo hutoka kiotani kwa kitambo kidogo tu: hudonoa punje chache, hunywa maji, huoga vumbi, kisha hurudi upesi kabla mayai hayajapoa. Manyoya ya kifuani pake hupukutika, ili ngozi yenyewe iguse mayai na kuyapa joto. Huyageuza kwa mdomo wake mchana na usiku. Mwenye nyumba humwona akikonda siku kwa siku, wala haachi kazi yake.

Siku ya 21 ikifika, vifaranga hutoka. Pengine wote hutoka pamoja. Pengine mmoja hubaki nyuma. Yai lake lilikuwa pembeni mwa kiota, halikupata joto sawa na mengine. Au kuku mwingine aliingia kutaga humo baada ya siku mbili tatu, na hakuna aliyeona. Hapo kuku huwa katika shida kweli. Vifaranga wanane au tisa wamekwisha kukauka manyoya, wanapita huku na huku, wanataka kula. Chini yake lipo yai moja lisilofunguka. Hungoja siku moja, pengine mbili. Mwishowe huinuka, huwaita wadogo wake, akaenda nao uani. Yai hubaki peke yake, na joto laanza kulitoka.

Kuku huyu hana kosa. Angebaki kwa ajili ya mmoja, wengine wangekufa njaa. Wala si uchawi, wala si jicho la jirani, kama wasemavyo watu walio wepesi wa kushitaki. Mara nyingine kuku hufukuzwa kiotani na siafu, au na utitiri unaomnyonya usiku kucha, au na watoto wanaokwenda kumchungulia kila saa. Afadhali mwenye nyumba atazame hayo kwanza, kabla ya kumtafuta adui.

Basi yai limeachwa. Je, litupwe? Lisitupwe upesi. Mtu alichukue mkononi na kuliweka sikioni. Kama limekuwa baridi tangu jana, nalo liko kimya na lanuka, hilo ni viza. Lizikwe mbali na nyumba. Lakini mara nyingi husikika humo ndani sauti ndogo, au mkwaruzo kama wa ukucha juu ya ubao. Kifaranga yu hai, naye anafanya kazi.

Kazi hiyo ni ya ajabu, na asiyeijua atafanya kosa kubwa. Kwenye ncha pana ya yai kuna nafasi ndogo yenye hewa. Siku mbili tatu kabla ya kutoka, kifaranga hugeuza kichwa kuelekea huko. Hutoboa kwanza utando wa ndani, akaingiza mdomo katika nafasi ile, na hapo huvuta pumzi mara ya kwanza kwa mapafu yake. Ndipo aanzapo kulia. Kisha hugonga ganda kwa kijino kidogo kigumu ambacho Muumba amekiweka juu ya mdomo wake kwa kazi hiyo moja; siku chache baada ya kutoka kijino hicho huanguka. Ganda lapata ufa, kisha tundu.

Baada ya tundu la kwanza kifaranga hunyamaza. Hupumzika saa 12, hata saa 24, na mtu atazamaye kwa nje hudhani kwamba ameshindwa. Kumbe sasa ndipo kazi kubwa yafanyika. Utando unaomzunguka umejaa mishipa ya damu, na damu hiyo ni yake mwenyewe. Yampasa kuirudisha mwilini mwake. Tena kiini cha yai kiko bado nje ya tumbo, nacho huvutwa ndani polepole kwa njia ya kitovu. Kiini hicho ndicho chakula chake cha siku mbili za kwanza, naye akitoka pasipo kukimaliza kuingia, hutoka na jeraha tumboni. Damu ikisha kurudi, na kiini kikisha kuingia, na kitovu kikisha kufungika, hapo kifaranga huanza kuzunguka ndani ya yai, akilikata ganda kidogo kidogo kama mtu akataye kifuniko cha kibuyu. Halafu husukuma kwa miguu na shingo, kifuniko chafunguka, naye yuko nje, amelowa, amechoka, ni mzima.

Asiyejua mambo hayo huona tundu, husikia kilio, huingiwa na huruma. Mtoto mmoja alimkimbilia mama yake na yai mkononi.

“Mama, anakufa! Nimtoe?”

“Ngoja, mwanangu. Umeona nini karibu na tundu?”

“Utando, mama. Una mistari myekundu.”

“Hiyo ni damu yake. Ukiuchana, utamwaga damu yake wewe kwa mkono wako. Lete kitambaa, tumpashe joto.”

Mama huyo alisema neno la kweli. Katika vifaranga wanaokufa mikononi mwa watu wema, wengi hawakufa kwa ugumu wa ganda; walitolewa kabla ya saa yao.

Kitu cha kwanza kinachompasa aliyeachwa ni joto. Kama jirani ana kuku mwingine anayeatamia, yai liwekwe chini yake usiku, kimyakimya. Hakuna dawa ipitayo hiyo. Kama hayupo, litafutwe kapu dogo, litandikwe pamba au vitambaa, na pembeni iwekwe chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri kwa nguo, ibadilishwe kila ipoapo. Joto liyapasalo mayai ni kama nyuzi 37 na nusu. Asiye na kipimo aliguse yai kwa ukope wa jicho: liwe vuguvugu, lisiunguze. Kapu lililowekwa karibu mno na jiko limekwisha kuua vifaranga wengi kuliko baridi.

Kitu cha pili ni unyevu. Chini ya kuku hewa haikauki. Katika kapu hukauka upesi, na utando ukikauka humkaza kifaranga kama ngozi iliyoanikwa juani, asiweze kugeuka. Kwa hiyo kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya vuguvugu kiwekwe karibu na yai, pasipo kuziba tundu, maana ndipo apumuapo. Kisha mtu aende zake. Aje kutazama mara moja moja tu.

Ikipita siku nzima tangu tundu la kwanza, na hakuna kilichoongezeka, na utando kando ya tundu umekuwa mweupe mkavu kama karatasi, sasa msaada wa mkono waruhusiwa. Mtu anawe, achovye unyoya katika maji ya vuguvugu, aulowanishe utando kando ya mdomo, lakini maji yasiingie puani. Abandue kipande cha ganda kidogo kama punje ya mtama, na kingine, akifuata upande wa ncha pana. Akiona mshipa mwekundu, aache. Tone moja la damu likitokea, aache mara moja, alirudishe yai katika joto, angoje saa kadhaa. Akisha kukiweka huru kichwa, kazi yake imekwisha: sehemu ya chini ya ganda asiiguse kamwe. Kifaranga ajisukume mwenyewe, maana huko chini ndiko kiliko kitovu.

Pengine hata hivyo atakufa. Wako vifaranga waliobaki nyuma kwa kuwa tangu mwanzo walikuwa dhaifu, na mwenye nyumba asijilaumu. Lakini akitoka, akaushwe katika joto, na usiku uleule ateleshwe chini ya mama yake pamoja na nduguze. Mara nyingi kuku humpokea kama hakuwa amemwacha. Mchana pengine angemdonoa.

Bwana Yezu aliwajua kuku wa kijijini. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo, sura ya 23, alipoulilia mji wa Yeruzalemu, alijifananisha na kuku atakaye kuwakusanya wadogo wake chini ya mabawa. Mtakatifu Augustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya kaskazini, alipenda mfano huo. Alieleza kwamba ndege wengine hujulikana kuwa na watoto pale tu waonekanapo kiotani. Bali kuku hujulikana hata asipofuatwa na watoto, kwa sauti yake iliyokauka na manyoya yake yaliyolegea. Amejifanya dhaifu pamoja na wadhaifu wake. Na katika hotuba nyingine Augustino alilifananisha yai na fadhila ya matumaini: uhai umo, lakini hauonekani bado.

Ndiyo hali ya mkatekumeni. Kanisa limekwisha kumpokea na kumtia alama ya msalaba. Limemweka chini ya mabawa yake. Kwa nini basi halimbatizi siku ileile? Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe mwaka 1868, aliwaagiza wamisionari wake kwamba watu wazima wafundishwe na kujaribiwa miaka 4 kabla ya Batizo. Wamisionari hao walipokaa Mpala, kando ya Tanganyika, tangu mwaka 1885, wengi waliuona muda huo kuwa mrefu mno. Lakini aliyebatizwa haraka, na desturi zake za zamani bado ziko nje kama kile kiini, huumia upesi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, uliamuru ukatekumeni wa watu wazima urudishwe, uwe na hatua zake. Na kitabu cha ibada hizo kilitoka mwaka 1972. Kila hatua ina sala yake, na hakuna hatua ya bure, hata zile ambazo mtu huona kama amenyamaza tu.

Lakini yuko mkatekumeni aliye kama yule wa nyuma. Wenzake walibatizwa usiku wa Pasaka, wakavaa nguo nyeupe, wakaimba. Yeye alibaki, kwa sababu ya ugonjwa, au ya safari ya kutafuta kazi, au kwa kuwa hesabu za ndoa yake hazijatengenezwa. Katekista wake amehamishiwa kijiji kingine. Aona haya kukaa tena darasani pamoja na wapya, na Dominika moja hakuja, na ya pili vilevile. Joto lamtoka. Wakristu wapita mbele ya nyumba yake wakienda kusali, na kila mmoja adhani mwenzake amekwisha kumwita.

Mtu huyu haombi kufanyiwa njia ya mkato. Rafiki akimnong’onezea majibu mbele ya Padri, amechana utando. Jamaa wakimwombea abatizwe ili tu sherehe isiharibike, wamechana utando. Ahitaji msimamizi atakayempitia asubuhi ya Dominika waende pamoja. Atakayeketi naye jioni juu ya somo moja, si masomo kumi. Atakayemwombea kwa jina lake. Kukiri imani na kuacha dhambi ni kazi ya mdomo wake mwenyewe, na hakuna awezaye kumfanyia.

Tena saa ikifika, isicheleweshwe. Yai lililokaa kupita siku zake haliwi na nguvu zaidi. Augustino mwenyewe alikuwa mkatekumeni tangu utoto wake. Alipougua karibu ya kufa aliomba Batizo, alipopona, likaahirishwa. Akatangatanga miaka mingi, hata alipobatizwa na Mtakatifu Ambrozi huko Milano, usiku wa Pasaka wa mwaka 387, akiwa na umri wa miaka 32. Baadaye, katika kitabu cha Maungamo yake, aliuliza kwa uchungu kwa nini walimwahirisha.

Na pengine hakuna nafasi ya kungoja. Mkatekumeni yu karibu ya kufa, Padri yuko mbali, mto umejaa. Hapo Kanisa lafungua lenyewe. Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, mwenye nia ya kufanya lifanyalo Kanisa, aweza kubatiza. Mgonjwa aliye mtu mzima lazima ajue kwa kiasi fulani kweli zilizo kuu za imani, aonyeshe kwa namna yoyote kwamba ataka Batizo, na aahidi kushika amri za dini ya Kikristu. Anayebatiza humwaga maji ya kweli kichwani pake, na wakati uleule akiyamwaga hulitaja jina la mgonjwa na kusema kwamba ambatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Maji ya kisima yafaa, na ya mvua, na ya mto.

Akipona, habatizwi mara ya pili. Habari hupelekwa kwa Padri wa parokia, pamoja na jina la aliyebatiza na la shahidi, siku na mahali, ili yaandikwe katika kitabu cha Batizo. Na aliyepona hurudi darasani kwa katekista kumaliza masomo yaliyobaki, akiketi pamoja na wale ambao bado wanangoja.