Jeraha Dogo: Somo juu ya Amri ya Tano

Huko Nguba, katika wilaya ya Ibanda mjini Bukavu, mlima washuka kwa haraka hadi Ziwa Kivu, na nyumba nyingi zimejishikiza mtelemkoni. Ajengaye mahali kama hapo hutumia mbao, mabati na misumari. Nyumba ikibomolewa, au ikiongezwa chumba, mbao za zamani hutupwa kando ya njia na misumari yake ikitazama juu. Kisha mvua huteremsha udongo na kuifunika. Basi si ajabu mtu aendaye kazini au katika mafundisho kwa kandambili akifika na mguu unaotoka damu.

Na itwaliwe mfano wa kijana mmoja mkatekumeni, kibarua wa kubeba mawe na mchanga. Asubuhi ya Jumatatu akanyaga msumari. Autoa mwenyewe, apangusa mguu kwa kitambaa alichofungia mzigo, na kuendelea na kazi, kwa sababu kibarua aondokaye kabla ya jioni hurudi nyumbani mikono mitupu. Usiku nyanya yake amtilia majivu ya jikoni juu ya tundu lile na kulifunga kwa jani. Mama yake ataka waende kituo cha afya. Kijana ajibu: “Hapana, Mama. Ni tundu dogo tu, halitoi hata damu.”

Hapo ndipo penye kosa, wala si kosa la kijana huyo peke yake. Watu wengi hupima jeraha kwa wingi wa damu. Aliyekatwa mkono na bati hukimbizwa na jirani wote. Aliyechomwa na msumari huambiwa avumilie. Kumbe damu itokayo husaidia kuutoa uchafu, bali tundu jembamba hujifunga juu, na uchafu hubaki chini, mahali pasipofikiwa na hewa. Na kuna kijidudu kimoja kipendacho mahali pa namna hiyo, kama itakavyoonekana mbele.

Mikono ya Msamaria

Kila mkatekumeni aijua habari ya Msamaria mwema katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 10. Luka huyo alikuwa mganga, kama Mtume Paulo ashuhudiavyo katika barua yake kwa Wakolosai. Labda ndiyo maana hakusahau kuandika dawa zilizotumika. Mara nyingi habari hii husomwa kwa kuutazama moyo wa Msamaria tu. Yafaa kuitazama na mikono yake. Alimkaribia mtu yule aliyeumizwa na wanyang’anyi, akatia mafuta na divai katika jeraha zake, akazifunga. Hiyo ilikuwa kazi ya njiani. Wala hakumwacha pale na kujisifu kwamba ametenda mema ya kutosha. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akampeleka nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili. Nayo dinari moja ilikuwa mshahara wa kibarua kwa siku nzima. Basi Msamaria alijua mambo mawili: kutenda ya kwanza kwa mikono yake mwenyewe, na kutambua saa ambayo mikono yake haitoshi tena.

Divai ilikuwa dawa ya zamani zile. Leo hapana haja ya kumimina divai wala pombe kali ndani ya jeraha, maana huunguza nyama changa na kuchelewesha kupona. Maji safi mengi yapita divai.

Kazi ya nyumbani

Mwenye kumhudumia aliyejeruhiwa huosha kwanza mikono yake kwa sabuni, hata haraka ikiwa nyingi. Damu ikitoka, huweka kitambaa safi juu ya jeraha na kulibana kwa nguvu, huku ameuinua mkono au mguu ulioumia. Abane kwa dakika 10 hadi 15, asifungue kila mara ili kuchungulia, kwa kuwa kila afunguapo hulivunja lile tone la damu lililokwisha kuganda. Asiye na saa aweza kusali makumi matatu au manne ya Rozari polepole, ndipo aangalie. Kamba ya kukaza mkono au mguu haitakiwi kwa jeraha dogo; imewahi kuwadhuru watu kuliko jeraha lenyewe.

Damu ikiisha kukoma, jeraha lioshwe. Maji ya ziwa hayafai hivyo hivyo, hata yakiwa meupe kama kioo, na maji yaliyokaa katika ndoo wazi hayafai pia. Yachemshwe. Tena Bukavu ni mji wa juu: Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na katika kimo hicho maji huanza kutokota kabla ya kufika nyuzi 100, yapata nyuzi 95. Yaachwe yatokote dakika tatu, kisha yapoe katika chombo chenye kifuniko. Maji hayo humiminwa juu ya jeraha kutoka katika jagi kwa dakika tano au zaidi, mpaka mchanga na taka vitoke. Sabuni itumike kuzunguka jeraha. Kijiwe kilichobaki juu chaweza kuondolewa kwa kibano kilichochemshwa; lakini kitu kilichozama ndani sana kiachwe, mganga akitoe.

Kisha jeraha hufunikwa kwa kitambaa kilichofuliwa, kikachemshwa, kikaanikwa juani mahali pasipo vumbi. Pasi ya makaa ikipita juu yake, ni vyema zaidi. Kitambaa hicho hubadilishwa kila siku, na mara kikilowa au kuchafuka. Kufunika jeraha kwa siku saba bila kuliangalia si kulitunza, ni kulificha.

Na majivu je? Yapasa kusema wazi, hata kama nyanya aliyeyatia alitenda kwa upendo. Majivu, udongo, mavi ya ng’ombe, mafuta ya taa, dawa ya meno, vyote hivi havimo katika matunzo ya jeraha. Wala unga utolewao ndani ya vidonge vya kapsuli vinunuliwavyo sokoni, ambao watu wa mjini huudhani kuwa dawa ya kisasa: dawa ile ilitengenezwa imezwe kwa amri ya mganga, si kunyunyizwa kama chumvi.

Juu ya majani, wengine huuliza kama Kanisa huyakataza. Kanisa halikatazi majani. Mwenyezi Mungu ndiye aliyeziotesha dawa katika nchi, kama kitabu cha Yoshua bin Sira kifundishavyo katika sura ya 38, na dawa nyingi za hospitali asili yake ni mimea. Lilikatazwalo ni hirizi, na kupiga ramli, na kuliomba jani nguvu zilizo za Mungu peke yake. Lakini jani lisilo na dhambi laweza kuwa na uchafu. Lililopondwa juu ya jiwe la uani kwa maji ya ndoo lisitiwe katika jeraha wazi.

Saa ya kwenda kwa mganga

Hapa mkatekumeni asome polepole, na asiyejua kusoma asomewe mara mbili.

Damu isiyokoma baada ya kubanwa dakika 15, au irukayo kwa kishindo kama mapigo ya moyo, haingoji kesho. Aendelee kubanwa huku akipelekwa. Jeraha lililo pana hata midomo yake haikutani lahitaji kushonwa, nalo hushonwa vizuri likiwahi siku ile ile. Jeraha la jichoni, au usoni, au juu ya kiungo, au ambapo kidole hakikunjiki tena au kimekufa ganzi, lionwe na mganga hata likiwa dogo kama punje ya mahindi. Mwenye ugonjwa wa kisukari asijitibu jeraha la mguu nyumbani.

Aliyeumwa na mbwa aoshe jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, kisha aende siku ile ile kuomba chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo hiyo yajulikana tangu mwaka 1885, Louis Pasteur alipomponya nayo mtoto mmoja huko Ufaransa. Lakini dalili za ugonjwa huo zikiisha kutokea, karibu hakuna apo­naye. Kungoja kuona kama mbwa alikuwa mzima ni kucheza na uhai.

Siku zifuatazo, jeraha lililokuwa jema laweza kugeuka. Wekundu ukienea, uvimbe ukizidi badala ya kupungua, mahali pakawa pa moto, usaha ukatoka, harufu ikabadilika, mitoki ikavimba kinenani au kwapani, au homa ikapanda, basi kazi ya nyumbani imekwisha. Hali kadhalika kidonda kisichofunga kwa majuma, na kidonda kisichouma hata kidogo. Watu hufurahia kidonda kisichouma, mganga hukiogopa.

Juu ya pepopunda

Neno lenyewe lina pepo ndani yake, na neno hilo limewapoteza wengi. Mgonjwa wa pepopunda hukaza taya asiweze kufungua kinywa. Kisha shingo hukauka, mgongo hupindika kama upinde, na sauti ndogo tu au mwanga humshtua mwili mzima, ilhali akili yake ni timamu. Aonaye hayo na kusema kwamba mtu huyo amepagawa, au ametupiwa uchawi na jirani, aweza kueleweka. Hata hivyo amekosea, na kosa lake laweza kuua mara mbili: mgonjwa hufa kwa kukosa mganga, na jirani asiye na hatia, mara nyingi mama mzee mjane, hufukuzwa au kupigwa.

Chanzo cha ugonjwa ni kijidudu kikaacho udongoni na katika mavi ya wanyama. Mjapani Kitasato alikitenga peke yake mwaka 1889 huko Berlin, na mwaka 1890 yeye na Behring walionyesha namna ya kuipinga sumu yake. Kijidudu hicho hupenda tundu lenye kina lisilo na hewa. Dalili hutokea mara nyingi kati ya siku ya 3 na ya 21, wakati tundu limekwisha kufunga na msumari umesahauliwa. Ndiyo maana watu hutafuta mchawi badala ya kukumbuka ubao.

Sindano ya kinga yaweza kuuzuia ugonjwa huu. Watoto wachanga huchanjwa wakiwa na majuma 6, 10 na 14, na wajawazito huchanjwa ili kinga yao imfikie mtoto tumboni. Lakini kinga hupungua kadiri miaka ipitavyo. Mtu mzima aliyechomwa na kitu kichafu hana budi kwenda kuuliza kama yampasa kuchanjwa tena. Hata kama siku mbili tatu zimepita, aende.

Kitovu cha mtoto aliyezaliwa leo ni jeraha pia. Wembe usiochemshwa, au majivu, au mavi ya ng’ombe yakipakwa pale, humletea mtoto pepopunda asiyekuwa na nguvu ya kushindana nayo. Mama mkatekumeni aliye mkunga wa jirani zake alifikirie jambo hili kabla ya jingine lolote katika somo hili.

Swali: Je, ni dhambi mtu kukataa kutibiwa jeraha?
Jibu: Amri ya tano yalinda uhai, na Kanisa hufundisha kwamba uhai na afya ni karama ambazo Mungu amewakabidhi watu wazitunze kwa busara. Asiyejua, au asiye na uwezo, asihukumiwe. Lakini mwenye kujua na kuweza, akikataa kwa kiburi au uvivu, achezea mali isiyo yake. Na jirani aliyejua na kuweza, akapita upande wa pili wa njia, ajitafute katika habari ya Msamaria, atajiona humo.

Swali: Je, kusali hakutoshi?
Jibu: Yoshua bin Sira, katika sura ile ile ya 38, amwelekeza mgonjwa kumwomba Mungu na kumpa mganga nafasi yake. Hayo mawili hayagombani. Hata katekista akiitwa kumbatiza mkatekumeni aliye katika hatari ya kifo, ambatize, na wakati huo huo mwingine atafute watu wa kumbeba mgonjwa hadi hospitalini.

Sasa habari ya kijana yule. Jumatano alifika katika mafundisho akichechemea. Katekista alimwambia: “Mwanangu, vua kiatu.” Majivu yalikuwa yameganda juu ya tundu kama saruji, na wekundu ulikuwa umekwisha kuzunguka unyayo. Kijana alisema aliogopa kupoteza kibarua. Wakatekumeni wenzake walichanga mshahara wa siku mbili, kwa kuwa mmoja wao alikumbuka zile dinari, na katekista alimsindikiza mpaka kituo cha afya. Huko tundu lilifunguliwa na kuoshwa, akachomwa sindano ya kinga, akapewa dawa ya kumeza na siku ya kurudi. Nyanya hakulaumiwa, alifundishwa kuchemsha vitambaa, naye ndiye aliyelifunga jeraha tangu siku hiyo, kila asubuhi, kwa mikono iliyooshwa.

Jumamosi baada ya mafundisho wanaume wanne walipita njia ile wakiwa na nyundo, wakaigonga na kuilaza misumari ya kila ubao waliouona, hadi chini karibu na maji.