Shokapu za Boxer Kwenye SanLG: Pima Kabla ya Kulipa

*Niko Lusewa, mkoani Ruvuma. Nina SanLG ya zamani ninayobebea abiria, na msimu wa mavuno napakia mahindi na ufuta. Shokapu za mbele zimechoka. Nikiingia shimoni zinagonga chuma kwa chuma, na ya kulia inavuja oili. Jirani ana Boxer BM 150 iliyopata ajali, anaiuza vipandevipande. Wenzangu wananiambia mbele yake itaingia kwangu. Ninunue?*

*Dereva wa bodaboda, Lusewa*

Kazi hiyo inawezekana, ila usitoe hela kwanza. Jiridhishe kwamba shokapu ndizo mbovu.

Weka gogo chini ya injini mpaka tairi la mbele lielee. Shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta na sukuma. Zikicheza, golori za shingo ya usukani zimelegea au zimekwisha. Kisha geuza usukani polepole. Ukinasa katikati, vikombe vya golori vimechimbika. Mlio wa ugonjwa huo hufanana sana na wa shokapu mbovu, na hata ukifunga shokapu mpya utaendelea kuusikia mpaka ubadilishe golori na vikombe vyake.

Shingo ikiwa nzima, rudi kwenye oili. Springi hubeba uzito, oili huituliza springi isirukeruke. Ndivyo zilivyo shokapu za namna hii tangu BMW ilipoziweka kwenye R12 mwaka 1935. Upande wako wa kulia umevuja, kwa hiyo wa kushoto unahangaika peke yake. Fungua zote mbili, osha ndani, weka sili mpya kila upande, kisha jaza oili ya shokapu ya 10W. Ukiikosa, oili ya giaboksi za otomatiki itakufaa kuliko ile nzito ya injini. Pima kwa bomba la sindano ili pande zote zipate kiasi sawa. Springi ikiwa imenywea, ongeza juu yake kipande cha bomba cha milimita 20 hivi. Kama chuma king'aacho hakijaliwa na kutu pale sili inapopita, huenda safari ya kwa jirani isiwe na haja.

Ukiona kutu imechimba, au chuma kimepinda, hapo tuzungumze Boxer. Swali la kwanza kwa jirani liwe hili: iligonga vipi? Pikipiki ikigonga kwa mbele, tairi na shokapu ndizo zinazopokea kishindo. Chomoa zile nguzo mbili zing'aazo za shokapu uziviringishe juu ya kioo kinene kilicholazwa mahali tambarare. Ukiona mwanga unapita na kuziba chini yake, nguzo imepinda. Iache. Ya kunyooshwa kwa nyundo usiipandishie abiria.

Zikiwa nzima, chukua mbele yote kwa pamoja: shokapu, vishikio vyake vya juu na chini, rimu, ekseli na breki. Usichanganye, na sababu kubwa ni breki. Tazama sahani inayobeba viatu vya breki: ina mfereji, na kwenye mguu wa shokapu kuna jino la chuma linaloingia humo. Jino hilo ndilo linaloizuia sahani isizunguke na tairi ukibana breki. Ukifunga rimu ya SanLG kwenye shokapu za Boxer na jino likakosa mahali pake, siku utakayobana breki kwa nguvu sahani itazunguka, itakata waya na kulifunga tairi ghafla. Hapo unaruka juu ya usukani pamoja na abiria wako.

Sasa chukua vipimo. Boxer hutumia rimu ya mbele ya inchi 17, na SanLG nyingi za umbo la Honda CG125 zina inchi 18. Tofauti ya inchi moja huishusha ekseli kwa milimita 13 hivi, na mita ya spidi, ikikubali kuunganishwa, itasoma zaidi ya mwendo wako halisi. Pima pia kutoka ekseli hadi kishikio cha chini kwenye pikipiki zote mbili. Mbele ikiinuka, usukani unakuwa mzito kugeuka, na gunia nyuma likizidi kuinua pua pikipiki huanza kuyumba. Ikishuka, usukani unakuwa mwepesi mno kwenye mchanga. Tafuta kimo kilekile cha zamani.

Mhimili unaoingia shingoni ulinganishwe kwa urefu na unene. Usipolingana, mpelekee fundi wa kukereza vyuma Songea mjini, autoe wako na kuusindilia kwenye kishikio cha Boxer kwa kipimo. Usikubali uchomelewe kienyeji, wala nguzo nyembamba zisijazwe vipande vya bati ili zibane. Na shingo ya fremu isiguswe na grainda: mara nyingi namba ya chasisi imegongwa hapo, nayo lazima ifanane na kadi yako.

Kabla ya kufunga springi, bonyeza mbele mpaka mwisho na ugeuze usukani kulia na kushoto. Tairi lisiguse injini wala bomba la moshi, na waya zisivutike.

Jirani akuandikie hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, pamoja na nakala ya kadi ya Boxer, ili kesho usiulizwe umetoa wapi spea.

Ushauri wangu ndio huu: anza na golori, sili na oili. Zisipotosha, nunua mbele nzima ya Boxer kama nguzo zimefaulu kwenye kioo. Ukishafunga, endesha peke yako bila mzigo kwenye njia mbovu unayoijua, jaribu breki kwa mwendo mdogo, kisha rudi ukaze nati zote upya. Abiria asubiri mpaka hapo.